Maoni: Kiwanja cha ndege cha Goma kikifunguliwa, kifunguliwe pia kwa fromaji ya Masisi

Kwa miaka mingi mama mdogo wangu alikuwa akiamka saa tisa za usiku kila Alhamisi. Kazi yake ilikuwa fromaji, jibini lile la duara linalotengenezwa kwenye vilima vya Masisi. Lilimfikia Goma kwa lori au kwa pikipiki, yeye analifunga ndani ya makatoni, kijana wa chukudu anayasukuma mpaka kiwanja cha ndege, na kabla jua halijazama binamu yetu ameshayapokea Ndjili, Kinshasa. Ndege iliyofuata ilimletea vitenge vya kuuza. Kwa biashara hiyo alilipia watoto watano masomo, na mmoja wao leo ni muuguzi.

Mwanzoni mwa 2024 vita vilikata barabara ya Sake, na fromaji ikaanza kuwa adimu. Mwisho wa Januari 2025 Goma ilichukuliwa na AFC/M23, na kiwanja cha ndege kikafungwa. Leo mama mdogo anauza makala mbele ya parsela yake. Ukisikia mtu anasema kwamba kiwanja cha ndege ni mambo ya mawaziri na ya wafanyakazi wa mashirika ya kigeni, mwambie aende kumsalimia.

Ninaandika haya nikiwa Beni, Novemba 2025, wakati watu wote wanauliza lini Goma na Kavumu zitafunguliwa. Ni swali la haki. Lakini nataka kuongeza la pili ambalo silisikii: zitafunguliwa kwa ajili ya nani? Maana kiwanja cha ndege kinakuza uchumi wa eneo pale kinapokuwa soko la mzalishaji mdogo. Kikiwa mlango wa abiria wenye pesa, askari na madini tu, kinaweza kuwa na lami ya kung'aa na bado kikatuacha maskini. Sisi wa mashariki tumeonja hali zote mbili.

Njia yetu ilikuwa angani

Tuanze na ramani. Nchi yetu ina zaidi ya kilomita za mraba milioni 2.3. Kutoka Goma mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa mstari wa ndege, na hakuna barabara moja ambayo lori linaweza kuifuata kutoka huku mpaka kule. Anayejaribu kwa nchi kavu anachanganya lori, pikipiki na mashua ya mto Congo kutoka Kisangani, na safari inakula wiki nyingi. Ndege inamaliza kazi hiyo kwa masaa machache. Kwa hiyo kwetu ndege haikuwa anasa. Ilishika nafasi ya barabara ambayo hatukujengewa.

Walio na umri kama wangu wanakumbuka Walikale ya miaka ya 2000. Wachimbaji wa Bisie walibeba kasiterite mgongoni kupitia msituni kwa siku mbili hivi. Kisha magunia yalipakiwa ndani ya ndege ndogo zilizotua Kilambo. Na Kilambo hapakuwa kiwanja cha ndege! Ilikuwa kipande cha barabara ya lami. Ndege ikikaribia, watu na pikipiki walisukumwa pembeni, inatua, inapakia, inaruka kuelekea Goma. Iliporudi ilileta mchele, sabuni, chumvi na bia, na vyote viliuzwa kwa bei ya juu sana kuliko ya Goma.

Shabunda pia iliishi hivyo kwa muda mrefu ikitegemea Kavumu, kiwanja kilicho kama kilomita 30 kaskazini ya Bukavu. Barabara ilikuwa imemezwa na msitu, kwa hiyo dawa, daftari za shule na hata chupa ya soda vilishuka kutoka angani.

Ndiyo, lami ya Kilambo ilitengeneza soko: palikuwa na wapakiaji, wapishi, wenye maduka, wabadilisha pesa. Lakini madini yalipanda kwa bei ya chini, bidhaa zikashuka kwa bei ya juu, na wenye bunduki walikuwa wamesimama katikati wakikusanya chao. Ndege zilikuwa nyingi, maendeleo yalikuwa machache. Kilambo inatufundisha kwamba biashara inaweza kuwepo na kijiji kikabaki vilevile.

Tumelipa kwa damu

Kiwanja cha Goma kina historia ambayo mtoto yeyote wa Birere anaijua bila kufundishwa. Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilimwaga moto katikati ya mji na kufunika karibu theluthi moja ya njia ya ndege, ambayo ilikuwa na urefu wa kilomita 3. Kwa miaka mingi baadaye marubani walilazimika kutua na kuruka kwenye njia iliyofupishwa, mawe meusi yakiwa yanawasubiri mwishoni.

Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya Hewa Bora ilishindwa kuruka ikaingia ndani ya Birere, mahali pa maduka na nyumba zilizobanana. Watu wapatao 40 walikufa, wengi wao wakiwa chini, kwenye shughuli zao. Novemba 2019 ndege ndogo ya Busy Bee ilianguka kwenye nyumba za kartie Mapendo mara tu baada ya kuruka, na hakuna aliyekuwa ndani aliyepona. Tangu 2006 mashirika ya ndege yaliyosajiliwa Congo yamekatazwa kuruka katika anga ya Umoja wa Ulaya. Hiyo si fitina ya wazungu. Birere na Mapendo wanajua kwa nini.

Ninayataja haya kwa sababu uchumi wa ndege hauwezi kusimama bila usalama. Mwenye bima akiona ndege ni hatari, anapandisha bei. Bei hiyo inaingia kwenye tiketi, inaingia kwenye kilo ya mzigo, mwishoni inamfikia mama mwenye katoni. Ndiyo maana mwaka 2015 Banki ya Dunia ilipokubali kutoa dola milioni 52 kwa usalama wa kiwanja cha Goma, hiyo ilikuwa pesa ya biashara pia, hata kama haikuitwa hivyo. Lava ilipoondolewa na njia ikaanza kurefushwa, ndege kubwa zaidi ziliweza kutua, na ndege kubwa hubeba kilo moja kwa bei nafuu kuliko ndege ndogo.

Kufuli mbili kwenye mlango mmoja

Halafu ikaja Januari 2025. Goma ikafungwa, na katikati ya Februari Kavumu ikafuata. Mabenki nayo yakafunga. Tangu hapo mfanyabiashara wa Goma au Bukavu anasukuma mlango wenye kufuli mbili: mzigo hauruki na pesa haipiti.

Tazama safari ya mtu wa Goma anayetaka kwenda Kinshasa leo. Anavuka mpaka kuingia Rwanda, anapanda gari mpaka Kigali. Kwa kuwa serikali yetu tangu Februari 2025 imefungia anga yake ndege zilizosajiliwa Rwanda, hawezi kuruka moja kwa moja. Anapita Nairobi, Addis Ababa au Entebbe, kisha ndipo ateremke Kinshasa. Anatoka mji mmoja wa nchi yake kwenda mji mwingine wa nchi yake kwa kupitia nchi mbili za watu, pasipoti mkononi. Mwenye pesa atalalamika lakini atafika. Asiye na pasipoti haendi kabisa. Na katoni ya fromaji haina pasipoti.

Pesa inayomwagika njiani haipotei hewani. Inaingia kwenye hoteli za Gisenyi, kwenye teksi za Kigali, kwenye tiketi za Kamembe kwa watu wa Bukavu, za Bujumbura kwa watu wa Uvira, na za Entebbe kwa watu wa Beni na Butembo. Siwalaumu majirani: mteja akija dukani kwako humfukuzi. Lakini hesabu ni hesabu. Kila abiria wetu anayelala njiani ni sahani ya sombe isiyouzwa Goma, kitanda kisicholaliwa Bukavu, na mshahara wa mfanyakazi wa chumba ambao haupo tena.

Hapa Beni tunaona upande wa pili wa jambo lile lile. Kiwanja cha Mavivi, nje kidogo ya mji kwenye barabara ya Oicha, kinafanya kazi. Kwa kuwa barabara zetu zimekuwa za kuviziwa, anayeweza kulipa anaruka hata kwa safari ambayo gari ingeimaliza kwa siku moja. Palipo na ndege pana wabeba mizigo, wauza chai, wenye pikipiki, vyumba vya wageni. Uchumi unahamia pale mlango ulipo wazi.

Ndege inaletaje utajiri?

Wasomaji wengi wananiuliza: kiwanja cha ndege kinakuzaje uchumi, mbali na kazi za hapo kiwanjani? Nitajaribu kueleza bila maneno ya ofisini.

Kwanza, ndege inauza muda. Vyama vya usafiri wa anga husema kwamba ndege zinabeba chini ya asilimia 1 ya uzito wa biashara ya dunia, lakini karibu asilimia 35 ya thamani yake. Kinachopanda ndege ni kile kinachooza haraka au chenye bei kubwa kwa kilo. Vilima vyetu vimejaa vitu vya namna hiyo: fromaji, nyama, mboga mbichi, vanila ya upande wa Beni na Butembo, samaki wa ziwa waliokaushwa vizuri. Muhogo na makala vibaki kwenye lori na mashua. Hakuna mwenye akili atakayepandisha makala ndani ya ndege.

Pili, kuna hesabu ya kurudi. Tuchukue mfano wa kubuni. Ndege ya tani 10 inagharimu dola 10,000 kwenda na kurudi. Ikienda imejaa na kurudi tupu, kila kilo imebeba dola 1 ya nauli. Ikijaa pande zote mbili, kila kilo inabeba nusu dola. Maana yake ni kwamba mkulima wa Masisi anayejaza ndege ya kurudi Kinshasa anapunguza bei ya dawa na vitenge vinavyokuja Goma. Mkulima huyo ni mshiriki wa biashara ya ndege hata kama hajawahi kukanyaga ngazi yake. Eneo lisilo na kitu cha kupakia litalipia ndege tupu milele.

Tatu, kiwanja kinaleta imani. Daktari bingwa anakubali kuja kufanya kazi mahali ambapo anajua ataweza kutoka mama yake akiugua. Mwenye kiwanda anaweka mashine mahali ambapo kipuri kitafika baada ya siku mbili badala ya miezi miwili. Mtalii wa Virunga anakuja kama kuna ndege ya kumfikisha. Hao wote hawabebi gunia, lakini wanaacha pesa.

Nairobi, Mwanza na somo lao

Wakenya wameyafanya haya mbele ya macho yetu. Naivasha iko kama kilomita 90 kutoka Nairobi. Waridi linakatwa asubuhi, linaingia ndani ya chumba cha baridi, linapanda lori la baridi, linalala kwenye ghala la baridi kiwanjani Jomo Kenyatta, na kesho yake liko sokoni Uholanzi. Siri yao ni mnyororo ule wa baridi ambao haukatiki kutoka shambani mpaka ndani ya tumbo la ndege. Kuwa na ndege tu kusingetosha.

Aprili 2010 volkano moja ya kule Iceland ilitoa majivu, na anga ya Ulaya ikafungwa kwa siku kadhaa. Maua yakaoza Kenya, na maelfu ya wafanyakazi wa mashamba wakaambiwa wabaki nyumbani. Moto wa nchi ya barafu uliunguza mshahara wa mama wa Naivasha! Sisi wa Goma tunaielewa hadithi hiyo kuliko wengine. Inaonyesha jinsi kiwanja kinavyofunga maisha ya mtu wa kijijini na dunia, kwa heri na kwa shari.

Lakini tusiwe wepesi kushangilia. Mwanza, Tanzania, ilikuwa na ndege kubwa za mizigo zilizobeba minofu ya sangara wa ziwa Victoria kwenda Ulaya. Filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, ya mwaka 2004, iliuonyesha ulimwengu mabaki ya samaki hao yakiwa chakula cha maskini, na ikauliza ndege zile zilikuja zimebeba nini. Serikali ya Tanzania iliikasirikia filamu hiyo, na ubishi juu yake ulikuwa mkali. Mimi nabaki na swali lake tu, kwa sababu Kilambo iliuliza lile lile: ndege inachukua nini, inaacha nini, na nani anahesabu?

"Kwanza barabara!"

Najua jibu nitakalopata. Watu wataniambia: wewe mwandishi, watu hawana barabara ya kufika sokoni, unatuletea habari za ndege. Nakubali nusu. Kiwanja bila barabara ya kulisha ni kama chungu bila kuni. Maziwa ya Masisi hayawezi kuruka kama hayawezi kwanza kufika Sake, na tumeona kwamba barabara ile ilipokatwa mwaka 2024, biashara ya mama mdogo iliumia hata kabla kiwanja hakijafungwa. Lakini barabara ya Goma mpaka Kinshasa haitajengwa kesho, hata kesho kutwa. Kilomita 60 za udongo mzuri kutoka vilimani mpaka kiwanjani zinaweza kutengenezwa ndani ya kiangazi kimoja. Barabara fupi na ndege ni ndugu.

Wengine watasema: kiwanja ni kitu cha vita, kila mwenye silaha anakitaka, kikifunguliwa kitaleta bunduki. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo inayofanya mazungumzo kuwa magumu. Tarehe 30 Oktoba, mjini Paris, Rais Emmanuel Macron alitangaza kwamba kiwanja cha Goma kitafunguliwa katika wiki zijazo kwa ndege za misaada. AFC/M23 ikajibu kwamba haikushauriwa na kwamba uamuzi huo haulingani na hali ya mahali. Kinshasa inataka mamlaka ya nchi yaheshimiwe kwenye anga yake. Kila upande una hoja zake, na mimi sikai kwenye meza yao.

Ninachosema kama mtoto wa mji ule ni hiki: ndege za misaada zije haraka, wagonjwa wanazisubiri. Lakini msaada peke yake unatufanya watu wa kupokea. Mji uliokuwa ukilisha Kinshasa fromaji na nyama hauwezi kuridhika na kushusha magunia ya watu. Ukaguzi unaoweza kuhakikisha kwamba ndani ya ndege ya misaada hamna risasi unaweza pia kuhakikisha kwamba ndani ya katoni mna fromaji. Kama kutakuwa na watazamaji, mashine za kukagua na masaa ya mchana tu, basi mzigo wa raia uingizwe kwenye mpango huo tangu siku ya kwanza, hata kwa kilo chache.

Mambo manne yasiyongoja mkutano mwingine

La kwanza ni baridi. Kila mtu ananiambia kwamba vyumba vya baridi ni ndoto katika nchi isiyo na umeme. Basi tukumbuke Ebola ya 2018 mpaka 2020, hapa hapa Beni, Butembo na Mabalako, iliyoua watu zaidi ya 2,200. Chanjo yake ilipaswa kutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri au zaidi ya hapo. Ilifika kwa ndege, ikabebwa mpaka vijijini, na watu zaidi ya 300,000 wakachanjwa. Kama tuliweza kutunza baridi ile katikati ya vita, tunaweza kutunza nyuzi 4 za fromaji. Jua tunalo, mashine zinauzwa, na tayari kuna vijana wetu waliojifunza kazi hiyo.

La pili ni meza moja. Mwaka jana nilituma katoni mbili za vitabu kutoka kiwanja kimoja cha nchi hii. Nilipita meza sita. Tatu zilinipa risiti, tatu zilinipa tabasamu. Mzigo ulinigharimu mezani karibu sawa na nauli yake. Mfanyabiashara mkubwa ana mtu wa kumpitisha, na mdogo ndiye anayekamuliwa. Bei za huduma zote zibandikwe ukutani, kwa Kiswahili, na zilipwe mahali pamoja. Hilo halihitaji pesa ya Banki ya Dunia. Linahitaji karatasi, gundi na mkubwa mmoja asiyeogopa.

La tatu ni Go-Pass. Tangu 2009 abiria wanalipa pesa hiyo, na ilipoanzishwa ilikuwa dola 50 kwa safari ya nje na dola 10 kwa safari ya ndani, kwa ajili ya kuendeleza viwanja vyetu. Ni wazo zuri. Lakini mwenye kulipa ana haki ya kuona. Kila kiwanja kitangaze kila mwaka kimekusanya kiasi gani na kimejenga nini. Sehemu yake iende kwenye viwanja vidogo: Shabunda, Walikale, Punia, Kasongo, na Rughenda ya Butembo, mji wenye wafanyabiashara wanaojulikana mpaka Dubai na Guangzhou lakini wenye kiwanja cha udongo. Kiwanja kikubwa bila vidogo vya kukilisha ni shina bila mizizi.

La nne ni majirani. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mpaka sasa faida tunayoiona zaidi ni bidhaa zao kuja kwetu. Siku Goma na Kavumu zitakapofunguliwa, ndege za Entebbe, Nairobi na Dar es Salaam zikaribishwe zije kwa mkataba wa wazi, na zetu ziende kwao kwa masharti yale yale. Air Congo, iliyoanzishwa Desemba 2024 kwa ushirikiano na Ethiopian Airlines, nchi yetu ikiwa na asilimia 51, isione mashariki kama mahali pa kuchukua abiria tu. Iulizwe inatenga nafasi gani kwa mzigo, na kwa bei gani.

Juu ya hayo yote, nyumba zisijengwe tena kwenye ncha za njia ya ndege. Ninajua kwamba walio Birere na Mapendo hawakukaa pale kwa kupenda. Wakihamishwa, walipwe kwanza, wapewe parsela mahali penye maji na shule. Uchumi unaokua juu ya makaburi ya watu hatuutaki.

Tuulize nini siku ile?

Siku moja simu zetu zitajaa picha: ndege imetua Goma, watu wanapiga makofi, wakubwa wanakata utepe. Na mimi nitapiga makofi. Halafu, msomaji, nakuomba usiishie kwenye picha. Uliza ndege hiyo inaondoka na nini. Uliza kilo moja inalipiwa kiasi gani na meza ni ngapi. Uliza kama kuna chumba cha baridi, hata kidogo kama duka la kartie. Uliza kama mwanamke mwenye makatoni matano anapokelewa kama mteja au kama msumbufu. Vyama vya wakulima, FEC, mashirika ya raia na sisi waandishi tuyaandike majibu na kuyatangaza kila mwezi, maana kidole kimoja hakivunji chawa.

Wiki iliyopita nilimpigia mama mdogo simu. Nilimuuliza kama angerudia biashara yake kiwanja kikifunguliwa kesho. Akacheka, akasema makatoni bado anayo, ameyapanga chini ya kitanda, panya hawajayafikia. Kisha akaniuliza mimi, kwa kuwa ndimi niliyesoma: je, nauli ya mzigo itakuwa ngapi? Sikuwa na jibu. Wanaokaa kwenye meza za mazungumzo, nawaachia swali lake.